Jiwe la Uluguru na stoo zetu za maabara: niliyoyasema mbele ya walimu wa kemia, Morogoro

Shikamooni wakubwa zangu, na nyie wadogo zangu wa kidato cha tano na sita, mambo vipi. Mgeni rasmi ameshaongea, itifaki imezingatiwa, basi mniruhusu niongee kama tunavyoongeaga ofisi ya walimu baada ya kipindi cha nane, bila makaratasi mengi.

Nimepewa mada ya kutunza na kuienzi historia ya kemia. Najua mnategemea nianze Misri, nipite kwa Jabir ibn Hayyan, niende kwa Lavoisier, Dalton, Mendeleev, Marie Curie, mpige makofi tukanywe chai. Sitafanya hivyo. Hayo majina yako kwenye vitabu na mengine yako ukutani kwenye maabara zenu, picha zimefifia hata sura hazionekani. Mimi naanza na huo mlima hapo dirishani.

Mwaka 1906 kule Berlin kulikuwa na mkemia anaitwa Willy Marckwald. Akaletewa mawe kutoka koloni la Wajerumani la Afrika Mashariki, na hayo mawe yametoka hapahapa Uluguru, sehemu za Lukwengule, kwenye machimbo ya ulanga, ile maika inayochanika karatasi karatasi na kung'aa. Kumbukeni 1906 ni kipindi gani, vita ya Majimaji bado haijatulia, reli ya kutoka Dar bado inajengwa na Morogoro haijafika, yaani hilo jiwe kutoka mlimani limebebwa na watu kwa miguu. Ni jiwe jeusi, zito kuliko unavyotegemea ukiliangalia, na juu yake lina ganda la njano. Lile jeusi ni oksaidi ya urani, metali nzito inayotoa mionzi. Lile ganda la njano Marckwald akalipima akakuta ni kaboneti ya urani, madini ambayo hakuna mtu alikuwa ameyaandika kabla, na kwa sababu yeye ndiye wa kwanza kuyaeleza akawa na haki ya kuyapa jina, akayaita rutherfordine, kwa heshima ya Ernest Rutherford.

Rutherford mwenyewe ni mtu wa New Zealand, mwanasayansi wa mionzi na atomu, mwaka huo yuko Montreal, Canada, anafundisha. Mpaka leo ukifungua orodha ya madini ya dunia nzima utakuta rutherfordine, na mahali pa kwanza palipopatikana wameandika Uluguru, Morogoro. Basi. Mwanafunzi wa hapa Morogoro anamaliza kidato cha sita, ameshakariri Rutherford na jaribio lake la karatasi ya dhahabu, ameshachora atomu mara mia, hajui kwamba kuna madini yana jina la huyo bwana na yalitoka kwenye mlima ambao bibi yake analima maharage. Hapo mimi sikasirikii watoto, watoto wamefundishwa na sisi.

Ila hiyo rutherfordine ni utangulizi tu, nyama iko kwenye lile jiwe jeusi.

Turudi kidogo nyuma. Toka Dalton mwanzoni mwa miaka ya 1800, kemia yote imekaa juu ya wazo moja, kwamba atomu za elementi moja zote zina uzito sawa. Oksijeni ni oksijeni, risasi ni risasi, iwe imechimbwa Uhispania au Australia. Mendeleev mwaka 1869 anapanga jedwali lake la elementi kwa kufuata uzito huohuo wa atomu, na watu wakatumia maisha yao yote kupima uzito wa elementi mpaka desimali ya mwisho wanayoiweza. Bingwa wao alikuwa Mmarekani wa Harvard, Theodore Richards, huyu alipewa Nobel ya mwaka 1914 kwa kazi hiyo ya kupima uzito. Mtu anapima, anarudia kupima, anapima tena, miaka inaisha, anapewa Nobel. Wanaosema kemia haina uvumilivu waje hapa.

Sasa mionzi ilipogunduliwa mambo yakavurugika. Ikaonekana urani inaoza yenyewe, inageuka kitu kingine, na kingine, mpaka inaishia kwenye risasi. Hesabu yake hata mtoto wa kidato cha tatu anaiweza. Urani ni 238. Njiani inatoa chembe 8 za heliamu, kila moja 4, jumla 32. Toa 32 kwenye 238 unabaki na 206. Lakini risasi ya kawaida, ya mabomba na ya betri, kwenye majedwali yao ilikuwa 207.2. Mkemia Frederick Soddy kule Glasgow mwaka 1913 anasema hapana jamani, elementi moja inaweza kuwa na atomu za uzito tofauti na bado kwenye kemia zikafanana kabisa, hizo ndizo isotopu. Kasimir Fajans kule Ujerumani naye alikuwa amefika hukohuko kwa njia yake. Wazo zuri, ila kwa mkemia wa wakati ule ni kama unamtukana. Anakwambia, onyesha kwenye mzani.

Ni kama debe mbili za mchele, kwa macho hazina tofauti, ukipika ladha ni ileile, ila ukiweka kwenye mzani moja imepungua. Ukitaka kumshawishi mkemia inabidi umletee debe la pili, yaani risasi iliyotoka kwenye urani peke yake.

Kazi hiyo ikafanyika Vienna, kwenye taasisi ya utafiti wa radiamu, ile elementi ya mionzi, iliyokuwa imefunguliwa 1910. Walikuwa wawili, Otto Hönigschmid, ambaye alikuwa amekaa kwa Richards Harvard akajifunza ufundi wake, na dada mmoja mzaliwa wa Warsaw anaitwa Stefanie Horovitz. Huyu dada alipendekezwa kwa Hönigschmid na mwanafizikia Lise Meitner. Walianza na mawe ya Joachimsthal, mji ambao leo uko Czech, ndiko alikotoa Marie Curie mali yake, yaani mawe ya kutolea radiamu. Wakachenjua, wakatoa risasi, wakapima, ikaja karibu 206.7. Imeshuka kweli, ila haijafika 206. Kwa nini? Kwa sababu mawe ya Joachimsthal yamechanganyika, risasi ya kawaida imo ndani yake toka zamani, huwezi kuitenganisha maana kikemia zote ni risasi tu.

Wakatafuta jiwe safi, na moja ya mawe safi waliyoyapata likawa la Morogoro.

Naomba hapo mkae nalo kidogo. Fuwele za oksaidi ya urani za Uluguru zilikuwa safi ajabu, risasi ya kawaida karibu hakuna, thoriamu, elementi nyingine ya mionzi inayoishia kwenye risasi, kidogo mno, na zimekaa mlimani zaidi ya miaka milioni 600 zinageuka risasi taratibu bila mtu kuzigusa. Hönigschmid na Horovitz wakazichenjua, wakapata 206.05 hivi. Risasi ya kawaida waliyoipima kwa mikono hiyohiyo, na njia hiyohiyo, ikawa karibu 207.2. Hapo hata mbishi akanyamaza. Uzito tofauti, na ukichambua mwanga wake unapata mistari ileile ya rangi, ukitia kemikali inajibu yaleyale. Soddy alikuwa anafanya yake na mawe ya thoriamu ya Ceylon, ndiyo Sri Lanka ya leo, kule uzito ukapanda badala ya kushuka, maana hesabu ya thoriamu inaishia 208. Richards naye akapima Harvard na akakuta hivyohivyo. Yote haya kati ya 1914 na 1915, na vita ya dunia ndiyo inaanza.

Wadogo zangu nyie mnaofanya titresheni, hebu niwaambie walivyopima, maana hakuna hata mashine moja ya ajabu. Unachukua kloraidi ya risasi uliyoisafisha kwa kuigandisha fuwele tena na tena mpaka umechoka. Unaipima. Unaiyeyusha kwenye maji. Unaweka silva naitreti uliyoitengeneza kwa fedha safi, ile metali, ambayo nayo umeshaipima. Fedha inashika klorini yote, inashuka chini nyeupe, si mnaijua ile rangi. Ukijua fedha imetumika kiasi gani unajua klorini ilikuwa kiasi gani, na ukishajua klorini basi iliyobaki ni risasi. Shida iko mwishoni, kujua kama imeshika yote kweli, kwa hiyo unaangalia ule ukungu uliobaki kwenye maji kwa kifaa ambacho Richards mwenyewe ndiye alikibuni, unalinganisha mirija miwili ipi ina ukungu zaidi. Ni ileile kazi ya bureti mnayolalamikia kila mwaka kwenye mtihani wa vitendo, ila wao wanatafuta desimali ya pili ya uzito wa atomu, na wameipata.

Soddy akapewa Nobel ya mwaka 1921. Richards alikuwa ameshapata. Hönigschmid akawa profesa mkubwa Munich, akaendelea kupima uzito wa elementi kibao, mpaka 1945, vita imeisha, nyumba hana, yeye na mkewe wakajiua. Na Horovitz? Baada ya vita ya kwanza aliachana na kemia. Aligeukia mambo ya saikolojia ya watoto, yeye na mwenzake Alice Friedmann wakafungua Vienna nyumba ya kulea watoto wenye matatizo, 1924 hiyo. Mwaka 1937 akarudi Warsaw kwao. Wajerumani wakaingia, yeye ni Myahudi, akajikuta ghetto, mtaa walikofungiwa Wayahudi, na 1942 akapelekwa kambi ya mauaji ya Treblinka akauawa huko.

Kwa miaka mingi vitabu vya kemia vikaandika "Hönigschmid na mwenzake", au Hönigschmid peke yake, na Horovitz akapotea. Amerudi kwa sababu moja tu, majina yote mawili yalikuwa yamechapishwa juu ya ripoti za wakati ule na ripoti zilitunzwa maktaba, watafiti wa historia walipoanza kupekua wakamkuta amekaa pale miaka yote. Zile karatasi zingechomwa leo nisingekuwa na cha kuwaambia.

Ndiyo maana mimi na hizi sherehe za kemia huwa tunagombana kidogo. Mwaka 2011 ulikuwa mwaka wa kimataifa wa kemia, miaka 100 toka Marie Curie apate Nobel ya kemia. 2019 ukawa mwaka wa jedwali la elementi, miaka 150 ya Mendeleev. Tisheti zikachapwa, keki zikakatwa, mabango yakatundikwa. Sina tatizo na keki, mimi mwenyewe nilikula. Ila ukishakula keki, kitu gani kimebaki kabatini ambacho hakikuwepo jana yake? Historia ya kemia kwa sehemu kubwa ni vitu, ni chupa, ni jiwe, ni daftari lenye doa la asidi, na vitu visipotunzwa hata hotuba nzuri vipi itakuwa inarudia stori ambazo wengine waliamua kuzitunza, za kwao.

Ngoja niwape mifano ya kilichotokea pale vitu vilipotunzwa, maana mtu anaweza kusema sawa mwalimu, tumeweka makopo ya zamani, yatatusaidia nini.

Zile sampuli za risasi. Baada ya Richards, kazi yake Harvard ikashikwa na Gregory Baxter, na risasi walizokuwa wamezisafisha kwa jasho lote lile hawakuzitupa, zilikaa kabatini. Mwishoni mwa miaka ya 1930 akatokea kijana mwanafizikia, Alfred Nier, ana mashine mpya ya kutenganisha isotopu kwa sumaku, akaenda kwa Baxter akaomba zile sampuli. Walioziandaa walikuwa wanatafuta namba moja tu, uzito. Nier akazipima akaona ndani yake kiasi cha kila isotopu, na akagundua hata risasi za kawaida kutoka machimbo tofauti hazilingani kwa isotopu. Kutokana na namba zake Arthur Holmes mwaka 1946 akakadiria umri wa Dunia, akapata kama miaka bilioni 3 na kitu, na 1956 Clair Patterson, kwa njia iliyotoka hukohuko ila akiongeza vimondo, akafika bilioni 4.55, ambayo mpaka leo ndiyo tunafundisha. Vichupa vya risasi kabatini, vyenye lebo, ndivyo vilivyowasogeza hadi huko. Mtu angekuwa na roho ya usafi kama baadhi ya wakuu wa shule tunaowajua angeshavitupa.

Mwingine ni Stanley Miller. Mwaka 1953 Chicago alichanganya maji, methani, amonia na haidrojeni, akapitisha cheche za umeme kuigiza radi, akapata asidi amino, zile zinazojenga protini, ikawa habari dunia nzima. Alifariki 2007. Mwanafunzi wake wa zamani Jeffrey Bada alipopitia vitu vyake akakuta vichupa vya majaribio ya miaka hiyohiyo ya 50, vimo kwenye maboksi, vina lebo, na madaftari yapo ya kueleza kila kimoja ni nini. Wakavipima kwa mashine za kisasa, na kwenye jaribio moja lililoiga mvuke wa volkano wakakuta asidi amino 22, nyingi kuliko alizowahi kutangaza Miller mwenyewe. Jaribio la zaidi ya miaka 50 limetoa majibu mapya wakati aliyelifanya ameshafariki. Na angalieni kilichowezesha ni lebo na daftari. Kichupa bila lebo ni uchafu tu, kinakuumiza kichwa, unakunywa panadol unakitupa.

Na hata karatasi ya ukutani. Chuo cha St Andrews, Scotland, mwaka 2014 walikuwa wanasafisha stoo ya kemia, makemikali na vifaa vya miongo na miongo, Alan Aitken akakuta bunda la chati zimeviringishwa. Moja ikawa jedwali la elementi, limechakaa, likiguswa linapukutika. Wakaanza kulichunguza wakitumia kemia yenyewe kama saa. Ndani yake kuna galiamu, iliyogunduliwa mwaka 1875, kuna skandiamu, ya 1879, ila germaniamu hakuna, na germaniamu ilipatikana 1886. Kwa hiyo chati ni ya katikati hapo. Halafu wakaenda kwenye kumbukumbu za manunuzi za chuo, wakakuta profesa Thomas Purdie aliinunua mwaka 1888 kutoka Ujerumani kwa mark 3, pesa ya Kijerumani ya wakati ule, na imechapwa Vienna 1885. Ndiyo inasemekana kuwa chati kongwe zaidi ya darasani iliyobaki duniani. Mark 3! Risiti ya mark 3 ilitunzwa. Sisi risiti za mwaka juzi tunazifungia maandazi.

Waliitibu hiyo chati kwa kuitoa kwenye kitambaa kilichokuwa nyuma yake, wakaiosha kwenye maji yasiyo na madini waliyoyatia kalisiamu haidroksaidi, halafu wakailoweka kwenye maji ya magnesiamu haidrojeni kaboneti ili kuua asidi ya karatasi, wakaziba palipochanika kwa karatasi ya Kijapani na gundi ya wanga wa ngano. Yaani maji ya chokaa na uji wa ngano, hiyo ni kemia ya kidato cha pili.

Sasa msije mkasema hizi ni stori za Wazungu wenye makabati. Kuna utunzaji mwingine ambao sisi tuliufanya bila kabati. Kagera, kwa Wahaya, chuma kilikuwa kinayeyushwa toka zaidi ya miaka 1,500 iliyopita, matanuru yamechimbuliwa na umri wake kupimwa kwa mkaa uliobaki ndani. Chuma cha Ulaya kilipojaa sokoni matanuru yakazimika. Miaka ya 70 Peter Schmidt, mwanaakiolojia, na Donald Avery, mtaalamu wa vyuma, wakawaomba wazee wa Kihaya, ambao walikuwa hawajayeyusha kwa miongo mingi, wajenge tanuru kama walivyoona enzi zao. Wazee wakajenga. Udongo wa kichuguu kwa sababu unastahimili moto, mavi ya chuma ya zamani, yaani taka ngumu za kuyeyusha chuma, kwenye ukuta wake, matete ya bwawani yaliyochomwa yakajazwa chini kwenye shimo ili kaboni ipatikane pale inapotakiwa, mabomba ya udongo yakasukumwa mpaka ndani ya tanuru, mivukuto inapigwa kwa zamu. Kilichotoka ndani kilikuwa na chuma cha pua, yaani chuma kigumu chenye kaboni. Kazi ikachapishwa 1978 kwenye jarida la Science na dunia ikashtuka. Kuna wataalamu wengine waliobishana nao, hasa kwenye hoja kwamba hewa ilikuwa inapashwa moto ndani ya yale mabomba kabla ya kufika kwenye mkaa, na mabishano hayo ni ya haki, ndivyo sayansi inavyokwenda. Ila fikirieni, hiyo maabara nzima, malighafi, vipimo, mpangilio, ilikuwa imehifadhiwa vichwani mwa wazee wachache, na walifikiwa wakati bado wapo. Miaka kumi na tano mbele ungekuta makaburi.

Wenzetu wa Katanga, kule Kongo, ndiyo inaniuma zaidi, Waswahili wenzetu wale. Kwenye mgodi wa Shinkolobwe urani iligunduliwa 1915, ikaanza kutoa mali iliyokwenda Ubelgiji, mji wa Olen, kuanzia 1922 wakawa wanatoa radiamu huko mpaka bei ya radiamu ikaporomoka duniani. Halafu 1942 mali ya Shinkolobwe iliyokuwa imehifadhiwa New York, zaidi ya tani elfu moja, ikauzwa kwa Wamarekani kwa ajili ya bomu la atomiki. Ukiangalia makumbusho, daftari za Marie Curie ziko maktaba ya taifa Paris, zimo kwenye maboksi ya risasi kwa sababu bado zinatoa mionzi, radiamu inachukua miaka 1,600 kupungua nusu tu, ukitaka kuzisoma unasaini karatasi kwanza. Daftari lenye mionzi limetunzwa vizuri kuliko habari za mtu aliyechimba ile mali kwa mikono mitupu Katanga. Mionzi ni ileile iliyompiga Curie na iliyompiga mchimbaji.

Haya, turudi Morogoro, tuje kwenye stoo. Kila shule kongwe hapa ina stoo ya maabara, na nusu yenu mnaogopa kuingia. Mimi nimeona mizani za zamani, zile za boksi la kioo zenye mawe madogo madogo ya shaba, zinauzwa kwa kilo kama chuma chakavu. Jina la shule silitaji. Mizani ileile ni ndugu kabisa wa mzani wa Horovitz! Mtoto anayeambiwa habari ya 206.05 halafu akaishika mizani ya aina hiyo kwa mkono wake, huyo hutahitaji kumlazimisha kusoma.

Lakini sitaki mkakusanye kila kitu kesho asubuhi halafu mkalipuka, naomba hapa mnisikilize vizuri. Kuna vitu vya zamani ni hatari kwelikweli. Asidi ya pikriki iliyokauka inalipuka hata kwa kufungua kizibo. Potasiamu iliyokaa miaka mingi ikaota ganda la njano, usiikate wala kuikwangua. Etha ya zamani nayo ikitengeneza vijiwe mdomoni mwa chupa usiiguse. Zebaki msiache wanafunzi wachezee hata kama wanapenda inavyokimbia. Ukikuta kitu cha namna hiyo funga mlango, piga picha ya lebo kwa mbali, na wasiliana na watu wa Mkemia Mkuu wa Serikali. Historia ya chupa hiyo itabaki kwenye picha, chupa yenyewe iondoke salama. Chupa nyingine ambayo haina shida, imwage inavyotakiwa, ioshe, bakisha lebo.

Na wanaosema hawana bajeti, sijaomba jumba la makumbusho. Naomba kabati moja lenye kitasa. Naomba simu zenu hizi mnazopigia picha za harusi. Vitabu vya mahudhurio ya maabara, kopi za orodha ya vifaa vilivyoagizwa miaka ya 60 na 70, mitihani ya vitendo ya zamani, daftari la fundi sanifu maabara aliyestaafu, huyo hasa, maana yeye ndiye anayejua kila kitu kilitoka wapi na kilivunjwa na nani. Mkamkalishe mzee mumrekodi. Muulize miaka ile ya shida, hakuna kemikali, alitumia nini badala yake, mtashangaa, kuna walimu walifundisha asidi na besi kwa maua ya bustani kama kiashirio na majivu ya migomba kama besi na matokeo yalikuja mazuri.

Na vijana wa Uluguru wanaopanda huko juu, mawe mnayoyaona msilete darasani yale meusi mazito, maana yana urani na yanatoa mionzi. Leteni stori. Machimbo ya ulanga ya zamani yako wapi, babu aliwahi kusikia nini, nani wa ukoo wenu alibeba mizigo ya Wajerumani. Hiyo nayo ni historia ya kemia na hakuna mtu Vienna anayeweza kuiandika.

Mtu ameniuliza pale wakati tunaingia, lebo iandikweje. Rahisi. Kitu ni nini. Kimetoka wapi, kijiji kabisa, usiandike "Morogoro" ukaishia hapo. Tarehe. Nani amekipata, jina lake lote, hata kama ni mwanafunzi wa kidato cha kwanza au mama wa sokoni aliyekuuzia magadi, halafu nani amekipima na amepata nini. Andikeni kwa penseli, wino wa kalamu unafutika ukipatwa na mvuke wa asidi.

Naona mwalimu wa zamu ananionyesha saa, chai iko tayari. Nendeni, ila mwenye funguo ya stoo ya hapa abaki kidogo tuongee.